Mlinzi Aliyekubali Kila Kioo

Kabla mtu hajafika kwenye lango la kambi, Atim alikuwa amekwisha kumwona. Alikaa chini ya mwavuli uliopauka, hatua chache kutoka langoni, akipika chapati juu ya sigiri ya makaa, na macho yake yalikuwa barabarani zaidi kuliko kwenye unga. Akija raia, aligonga kikaango kwa mwiko mara moja. Akija mkubwa wa jeshi, aligonga mara mbili. Mume wake, Koplo Ojara, aliyesimama langoni na bunduki, aliposikia hivyo alijua la kufanya: kumsimamisha mtu na kumuuliza anakwenda wapi, au kupiga mguu chini na kutoa saluti.

Mimi nashona viatu ng'ambo ya barabara, mkabala na lango hilo, nje kidogo ya mji wa Kasese. Kwa muda mrefu nilidhani Atim anakung'uta mafuta. Ni yeye mwenyewe aliyeniambia, siku aliyoleta buti za mumewe nibadilishe soli. Aliketi kwenye benchi langu akavua ndala, akazitazama nyayo zake kama vitu vya mtu mwingine.

"Nimechoka kutazama barabara," alisema. "Hata nikilala, naiona."

Ojara hakuona mbali. Mtu aliyekaribia kiasi cha kusalimiana alimwona sawasawa, mpaka kovu la shavuni. Mtu huyo huyo akiwa kwenye stendi ya boda boda, mbele kidogo ya benchi langu, alikuwa moshi wenye miguu. Alipoingia jeshini akiwa kijana kule Uacholi, kaskazini mwa Uganda, macho yalikuwa bado yanavumilika, au basi hakuna aliyeuliza. Yalivyozidi kupungua, alijifunza kukunja kope mpaka dunia ibaki mstari mwembamba, kwa maana hivyo kidogo aliona. Magari ya wakubwa aliyajua kwa mlio. Waliotembea kwa miguu aliwaachia Atim.

Nyumbani mambo yaligeuka. Atim alikuwa amepita miaka arobaini, na vitu vya karibu vilianza kumkimbia. Aliusogeza uzi mbali, akaurudisha, ukapita kando ya tundu la sindano. Basi ni Ojara aliyemtungia uzi, na jioni ni Ojara aliyekaa na ungo magotini, pua ikikaribia kugusa harage, akitoa mawe. Hakukosea hata chembe.

Hamuza, mfanyabiashara wa kuku anayepeleka mzigo wake Bwera na kurudi, aliwahi kuwatania mbele yangu.

"Nyinyi wawili muko na macho ya mutu mmoja," alisema. "Ya mbali mama amebeba, ya karibu mzee amebeba. Mukiachana, wote vipofu."

"Ndiyo maana hatuachani," Atim akamjibu. "Ulifikiri ni mapenzi?"

Waliishi hivyo bila tatizo kubwa mpaka alipohamishiwa kwetu Kapteni Musimenta, mwanamke mwembamba asiyependa gari. Asubuhi alikimbia kuelekea Rukoki, akarudi kwa miguu akiwa na nguo za mazoezi, bila cheo begani.

Siku ya pili au ya tatu ya kuwapo kwa kapteni, Atim alikuwa kwenye mashine ya kusaga. Mwavuli ulisimama peke yake. Barabarani walitokea watu wawili. Wa kwanza alikuwa Hamuza, na koti lake la rangi ya udongo na kofia, kuku wamening'inia mkono wa kushoto. Wa pili, nyuma yake, alikuwa mwanamke mwenye kibuyu cha plastiki cha maziwa. Ojara alikunja kope. Akaona koti. Akaona kofia. Akapiga mguu chini na kumpa Hamuza saluti ambayo ingetosha jenerali.

Hamuza, ambaye haachi mzaha upite, alirudisha saluti kwa mkono wenye kuku. Kuku wakapiga kelele.

Ojara akamgeukia yule mwanamke. "Mama wa maziwa, leo umechelewa. Pitia kwa mlango ya jikoni."

Mwanamke hakupitia mlango wa jikoni. Alikuja moja kwa moja mpaka uso wake ukaonekana, na Ojara akaona ni nani. Mimi nilishusha macho kwenye kiatu nilichoshika.

"Koplo," alisema Kapteni Musimenta, maziwa aliyonunua njiani bado mkononi, "huyo wa kuku ni nani?"

"Raia, afande."

"Na mimi?"

"Afande, afande."

"Raia anapata saluti, mimi napata mlango ya jikoni. Macho yako iko sawa?"

"Ndiyo, afande."

"Unaona mtu pale kwa stendi ya boda?"

"Ndiyo, afande."

"Amevaa nini?"

Ojara alitazama moshi wenye miguu. Alitazama kwa muda.

"Nguo, afande."

Hamuza aligeuka upande ili acheke. Kapteni hakucheka. Alisema kwa sauti ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyonitisha, kwamba Ojara aende akapimwe macho. Mwisho wa mwezi yeye mwenyewe atasimama pale kwenye stendi na kumuuliza kilichoko mkononi mwake. Akijibu sawa, abaki langoni. Akishindwa, kambi haina kazi ya kumpa mlinzi asiyeona. Atarudishwa kwao.

Kurudishwa kwao kulikuwa na maana moja tu. Ojara alikuwa amebakiza muda mdogo kumaliza utumishi kwa heshima. Akiondolewa kabla, wangetoka kwenye chumba chao cha kambi, na kule kaskazini hawakuwa na hata ukuta mmoja uliosimama. Atim alipoambiwa aliweka chini mfuko wa unga, akaukalia.

"Si ungempigia tu kila mtu saluti," alisema. "Hata mbuzi."

Wiki hiyo walikuja watu wa kupima macho kwenye uwanja mmoja huko Karusandara. Ojara aliomba ruhusa akaenda. Mstari ulikuwa mrefu na jua halikuwa na huruma. Ilipofika zamu yake, kijana mwenye koti jeupe alimvalisha fremu ya chuma, akawa anaingiza kioo na kutoa, kuingiza na kutoa, huku akitazama urefu wa mstari.

"Hii na hii, gani nzuri?"

Ojara aliunganisha visigino. "Zote nzuri, afande."

"Hii imeongeza?"

"Ndiyo, afande."

"Na hii?"

"Ndiyo, afande."

Jeshini, mkubwa akikuuliza kama buti zinakutosha, zinakutosha. Ojara alikuwa amejibu hivyo tangu ujana wake, na buti nyingi zilimuumiza. Kila aliposema ndiyo, yule kijana aliongeza nguvu ya kioo. Mwisho alimpa miwani, akamwambia avae kila wakati, akamwita mwingine.

Siku ya kwanza tulifurahi sote. Ojara alisimama langoni akasoma kibao changu kutoka ng'ambo, akaniambia kwamba nimekosea neno moja, na ilikuwa kweli. Aliona malori ya saruji tangu kwenye kona. Lakini ilipofika saa sita alikuwa amebonyeza kipaji cha uso kwa vidole. Siku iliyofuata kichwa kilianza kumuuma kabla ya chai. Siku nyingine alishuka ngazi moja tu ya kibanda cha ulinzi, ardhi ikaonekana mahali isipokuwapo, akaanguka na bunduki yake. Alitapika nyuma ya kibanda ili asionekane. Ndani ya siku hizo chache alizeeka, mabega yakashuka. Alisimama kama gunia lililoegemezwa.

Na maharage yalianza kuwa na mawe. Atim alisimulia kwamba jioni moja aliuma kitu, akakitema kwenye kiganja, akakiweka mbele ya mumewe.

"Hii ni nini?"

Ojara aliinamia kiganja na miwani yake. "Harage," alisema.

"Jino langu limejua ni jiwe. Vua hicho kitu."

"Mtu wa macho amesema nivae. Ni oda."

"Alisema uvae mpaka utapike?"

"Hakusema mpaka lini."

Atim alimwambia arudi akaseme miwani ni mbaya. Ojara alimtazama kama aliyeambiwa atoroke jeshi. Kitu ulichopewa na mkubwa, baada ya kukiri mbele yake kwamba ni kizuri, unakirudishaje? Na hata kama angetaka, watu wale walikuwa wamekwisha kuondoka Karusandara. Siku ya kapteni ilikuwa inakaribia. Akiivua miwani, haoni stendi. Akiivaa, hasimami.

Hamuza ndiye aliyesema kuna mwanamke Bwera, anaitwa Ithungu, anashughulikia macho kwenye kituo cha afya, na kwamba alimsaidia mama yake Hamuza. Alhamisi aliwabeba kwenye pikapu yake pamoja na kuku. Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Atim na kwa Ojara, kila mmoja kwa namna yake, nami nayaweka pamoja.

Ithungu alikuwa mama wa makamo mwenye koti jeupe na miguu iliyovimba. Alifanya kazi ameketi, na alipolazimika kusimama alishika meza kwanza. Chumba chake kilikuwa na mlango unaotazama barabara ya mpakani, watu wakipita na mizigo kichwani. Aliichukua miwani ya Ojara, akaiinua mbele ya jicho, akatazama fremu ya mlango kupitia kioo huku akikitikisa taratibu.

"Hii iko na nguvu sana kupita macho yako," alisema. "Nani alikupa?"

"Mukubwa wa macho, afande."

"Mimi si afande. Niko Ithungu."

"Ndiyo, afande."

Akamvalisha fremu ya kupimia, akamfunika jicho moja kwa kifuniko cheusi, akamwonyesha kibao cha herufi ukutani, akaanza. Hii na hii? Zote nzuri. Na sasa? Nzuri, afande. Ithungu akamtazama Atim, kisha akachukua kifuniko cha pili, cheusi kama cha kwanza, akakiweka kwenye jicho lililobaki. Ojara sasa alikuwa gizani kabisa.

"Na hii?"

"Hii pia nzuri, afande."

Atim alificha uso kwenye kitambaa chake. Ithungu hakucheka kwa sauti, ila tumbo lake lilitikisika. Alivitoa vifuniko vyote.

"Baba, mimi siwezi kuingia kwa kichwa yako nione kile unaona. Wewe ndiyo unaona. Ukiniambia uongo, nakupa kioo ya uongo. Ngoja nikuonyeshe."

Alichukua kioo kinene katikati na chembamba ukingoni, akakishika mbele ya mlango, na nyuma yake akaweka karatasi nyeupe. Akaisogeza karatasi mbele na nyuma. Mara picha ya mlango ikatokea juu ya karatasi, ndogo, safi, na watu wa barabarani wakipita na mizigo, ila miguu juu, vichwa chini.

"Wanatembea na kichwa," alisema Ojara, na hakukumbuka kuongeza afande.

"Ndani ya jicho pia iko hivyo. Akili ndiyo inageuza. Mwangaza inaingia mbele, inapindwa, inakutana nyuma kwa ukuta wa jicho. Ikikutana juu ya ukuta kabisa, unaona safi. Sasa wewe jicho yako ni ndefu. Ukuta iko mbali." Akaisogeza karatasi nyuma. Watu wakayeyuka, wakawa ukungu. "Picha imekutana mbele, haijafika kwa ukuta. Unaona hii?"

"Hiyo ndiyo stendi ya boda," alisema Ojara polepole.

Kisha Ithungu akachukua kioo kingine, chembamba katikati na kinene ukingoni, akakiweka mbele ya kile cha kwanza. Karatasi haikusogea, lakini mlango ukarudi, na watu wakarudi. Kioo cha namna hiyo, alieleza, kinatawanya mwangaza kidogo kabla haujaingia, ili ukutane mbali zaidi, pale ukuta ulipo. Akakitoa, akaweka chenye nguvu sawa na ile miwani ya Karusandara. Ukungu tena.

"Sasa imepita ukuta. Inataka kukutana nyuma ya kichwa yako."

"Lakini nilikuwa naona," alisema Ojara. "Nilisoma kibao."

"Uliona kwa sababu ndani ya jicho iko kioo ingine, yako ya kuzaliwa, laini. Ukitazama mbali, inapumzika. Ukitazama karibu, inajikaza, inavimba katikati ili kuvuta picha. Hii miwani ilikuwa inailazimisha kujikaza hata kwa mbali. Tangu asubuhi mpaka usiku, haikupumzika. Ukileta harage, inaambiwa ijikaze tena, na nguvu imeisha."

Atim anasema ndipo uso wa Ojara ulibadilika, kwa maana hilo lilikuwa jambo analolijua.

"Kama mlinzi ambaye hajapokewa zamu," alisema.

"Hivyo hivyo. Na mlinzi huyo si kijana. Mtu akifika umri wetu, kioo ya ndani inakuwa ngumu, haivimbi kama zamani. Mama hapa, yake imechoka, ndiyo maana sindano inamukataa. Wewe ukivua miwani unaona karibu, kwa sababu ya ule urefu wa jicho. Mungu amekugawia hivyo."

Alimvalisha tena fremu. Kioo hiki, na hiki? Ojara akaunganisha visigino. Alielewa kila kitu na bado hakuweza. Neno "hapana" lilikataa kutoka mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe.

Ithungu aliegemea kiti. Nje wagonjwa wengine walikohoa kumkumbusha kwamba wapo.

"Mama," alimuuliza Atim, "huyu anakukatalia wewe?"

"Mimi? Kila siku."

"Basi kuja hapa. Simama mahali pangu. Uulize wewe, kwa luga yenu."

Atim alisimama mbele ya mumewe, mikono kiunoni, akamuuliza kwa Kiacholi ni kipi bora. Ithungu alibadilisha vioo kutoka pembeni bila kusema lolote.

"Hapana," alisema Ojara. "Hicho kibaya."

"Na hiki?"

"Kibaya vilevile. Rudisha cha kwanza."

"Una hakika?"

"Mwanamke, nimesema rudisha. Unauliza mara ngapi?"

Walibishana hivyo herufi kwa herufi, na Ithungu, ambaye hakujua Kiacholi, alifuata mkono wa Ojara uliokuwa ukipunga huku na huku kama anayefukuza nzi. Walimaliza haraka kuliko alivyotarajia. Nguvu aliyoihitaji Ojara ilikuwa ndogo kuliko aliyopewa. Ithungu alitafuta kwenye sanduku lake, akampa miwani iliyolingana, na Atim akapata yake, yenye vioo vilivyonona katikati, ya kazi za karibu tu.

"Ukichambua harage, vua," alimwambia Ojara mlangoni.

"Na ruhusa?"

"Ruhusa nimetoa."

Mwisho wa mwezi kapteni alikumbuka, kama tulivyojua atakumbuka. Alisimama kwenye stendi ya boda kwa nguo zake za mazoezi, vijana wa pikipiki wakasogea pembeni. Atim alikuwa mahali pake. Nilimwona ameushika mwiko hewani, kisha akauweka chini na kukaa juu ya mikono yake.

Kapteni aliinua chupa ya maji.

"Chupa, afande," alijibu Ojara kwa sauti. "Nusu imenywewa."

Akainua kofia. Akainua simu. Ojara alitaja. Kisha kapteni akaweka mkono nyuma, akauleta mbele umekunjwa ngumi.

"Koplo. Unaona kalamu hii?"

Nilimjua Ojara. Nilijua neno lililokuwa kooni kwake, lile alilolisema maisha yake yote mbele ya watu wa aina hiyo. Alimtazama Atim, mara moja tu, akarudisha macho barabarani.

"Hapana, afande," alisema. "Hakuna kalamu. Ni ngumi."

Kapteni alifungua ngumi. Ilikuwa tupu. Alivuka barabara, akapita langoni, akapokea saluti yake.

"Endelea na kazi," alisema, akaingia ndani.

Hakuna aliyeshangilia. Ojara alivua miwani, akafuta jasho, akaivaa. Atim alipaka chapati mafuta.

Sasa kikaango hakigongwi tena. Kila mmoja ana miwani yake na anaweza kufanya mambo peke yake. Lakini jioni, Atim anasema, bado humwekea Ojara ungo magotini, naye husukuma miwani mpaka kwenye paji la uso na kuinama kama zamani. Ojara hajamuuliza kwa nini, na Atim hajaeleza.

Jana mchana, joto lilipokuwa kali, Atim alisinzia chini ya mwavuli. Kichwa kiliinama polepole mpaka kidevu kikagusa kifua, mikono imelala wazi mapajani, na mdomo umefunguka kidogo. Ojara alimwona kutoka langoni. Alimtazama kwa muda mrefu, na nadhani hakuwahi kuuona uso huo kutoka umbali huo, saa za kazi. Kisha akageuka, akashika barabara kwa macho. Alikaa hivyo akitazama upande wa mjini na upande wa Rukoki kwa niaba ya wote wawili.

Watu walipita, hakumwamsha. Mpaka akatokea mwendesha boda mmoja, akishika tumbo kwa njaa, akielekea moja kwa moja kwenye mwavuli. Ojara aliinua kitako cha bunduki akagonga bomba la lango. Mara moja.

Atim alifumbua macho, akanyoosha mkono kwenye unga.